Kilima Chini ya Lami

Mwaka 1963, mwezi wa Januari, katikati ya kiangazi, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili kwa hesabu ya mama yangu, ambaye alihesabu kwa mavuno ya wimbi na hakukosea. Jumatatu tarehe 14 ya mwezi huo, lori la kwanza lilipanda kilima chetu kuchukua udongo wa kujengea barabara kuu ya mji wa Kisii. Mume wangu aliichora tarehe hiyo kwa msumari kwenye mwimo wa mlango wetu. Wakati huo sikujua kusoma. Niliiona michoro ile kila nilipoingia na kutoka, nikaizoea kama nilivyouzoea ufa wa ukutani, na miaka ikapita kabla sijaelewa ilichokuwa ikisema.

Kabla ya siku hiyo, barabara kuu ya mji ilikuwa barabara kwa jina tu. Ulikuwa mteremko mrefu wa udongo mweusi kati ya safu mbili za maduka ya Wahindi, yenye mabaraza ya mbao na paa za mabati. Mvua, ambayo kwetu hunyesha karibu kila alasiri, iliugeuza mteremko huo kuwa uji. Wenye maduka walilaza mbao kutoka upande mmoja hadi wa pili ili wateja wavuke. Sisi wanawake tuliotoka mashambani na ndizi kichwani tulivua viatu, wale tuliokuwa navyo, tukaviweka juu ya ndizi, kisha tukavivaa tena mbele ya duka tulilotaka kuingia. Niliolewa kutoka Ikonge mwaka 1959, na siku ya kwanza mume wangu aliponipeleka mjini niliteleza nikaanguka mbele ya duka la vitambaa, pamoja na gauni langu jipya. Mwenye duka alicheka. Mume wangu hakucheka. Aliniinua, akaniambia kwamba barabara hiyo itakuja kutengenezwa na kwamba yeye atakuwa miongoni mwa watakaoitengeneza. Nilidhani anasema hivyo ili kunifariji.

Alikuwa na jicho la barabara kama wengine walivyo na jicho la ng'ombe. Akitazama mteremko aliweza kukwambia maji yatapita wapi mwezi wa Aprili. Mwaka 1961 aliandikwa kazi katika kikosi cha barabara cha mji, akaanza na sururu, na kufikia mwisho wa 1962 alikuwa mnyapara. Ndiye aliyemwambia msimamizi wao, Mzungu mrefu aliyekuwa karibu kurudi kwao, kwamba changarawe nyekundu waliyokuwa wakiitafuta mbali ilikuwa imejaa katika kilima cha baba yake, kando ya barabara iendayo Kebirigo.

Nyumba yetu ilikuwa imejengwa ubavuni mwa kilima hicho. Mlango uliitazama barabara. Mtu akisimama mlangoni akitazama nje, upande wake wa kushoto palikuwa na migomba, na upande wake wa kulia ndipo kilima kilipopanda. Naomba msomaji ashike vizuri pande hizo mbili, kwa maana yote yaliyonipata baadaye yanatokana nazo. Kwetu, mume huzikwa mkono wa kulia wa nyumba yake na mke huzikwa mkono wa kushoto. Nyumba ni ya wawili, nao wawili hao huendelea kuwa pande zake mbili hata baada ya kufa. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo. Nililikuta duniani kama nilivyolikuta jua.

Makubaliano yalifanywa pale pale kilimani, kwa mdomo. Walikuwepo msimamizi, baba mkwe wangu na mume wangu aliyekuwa akitafsiri. Mimi nilikuwa kwenye migomba, nikijifanya napogoa majani makavu, kwa sababu mkwe hasimami uso kwa uso na baba wa mumewe. Baba mkwe hakuomba malipo. Aliomba mambo mawili: kwamba shimo likishatoa changarawe lifukiwe na udongo mweusi urudishwe juu ili aweze kupanda tena, na kwamba wasichimbe kupita mti wa omotembe uliokuwa kati ya kilima na nyumba yetu, ule unaotoa maua mekundu kabla ya majani.

"Chukueni mpaka kwenye mti," alisema. "Mti ndio mpaka."

Msimamizi alishika mkono wake, akautikisa. Hawakupigilia kigingi wala kuweka jiwe. Tangu zamani za babu zetu, mashamba ya watu wetu yalitenganishwa kwa miti na vijito, na hakuna aliyefikiri kwamba mti unaweza kuulizwa maswali. Baba mkwe hakueleza kwa nini aliuchagua mti huo. Si adabu kumtajia mwanao kaburi lake naye amesimama karibu nawe, ana miaka ishirini na minane na sururu ya barabara mkononi. Lakini mimi kule migombani nilielewa. Ardhi iliyokuwa kati ya ule mti na ukuta wetu ilikuwa mahali pa mume wangu.

Mwaka huo wote malori yalipanda na kushuka. Mji ukawa mwekundu. Changarawe yetu ilimwagwa, ikatandazwa kwa greda, ikanyunyiziwa maji, ikashindiliwa kwa rola zito mpaka ikang'aa. Mbao za wenye maduka ziliondolewa. Mwezi wa Desemba, tulipopata Uhuru, watoto wa shule waliandamana katika barabara hiyo wakiwa wamevaa soksi nyeupe, na waliporudi soksi zao zilikuwa nyekundu hadi kwenye goti. Mume wangu alisimama kando akizitazama soksi, wala si bendera. Alisema kilima chetu kimeandamana.

Sisi ni watu wa Sabato. Jumamosi alasiri, baada ya ibada, alipenda kunichukua matembezi mjini, jambo ambalo wanaume wengine waliliona kichekesho, mtu kutembea na mke wake bila safari. Alinionyesha kila mahali. Hapa, alisema, ndipo lilipo lile tuta la juu ambapo mama alikuwa akipanda viazi vitamu. Hapa mbele ya posta ni pale tulipokuwa tukichunga mbuzi. Alijua kwa rangi, kwa kuwa kilima kilikuwa na matabaka, moja likiwa na wekundu wa damu, jingine lenye manjano ndani yake. Wanawake wa sokoni walitujua. Walinipigia kelele kutoka kwenye mafungu yao ya ndizi.

"Wa Ikonge! Siku hizi unakwenda shamba na viatu?"

"Mwacheni," alidakia mwingine. "Shamba lake ndilo mnalolikalia. Atawatoza ndizi."

Niliinua kichwa changu juu zaidi. Nilikuwa mwanamke mwenye majivuno, sikatai, na mume wangu ndiye aliyenipa sababu.

Barabara iliendelea kukua, na kila ilipokua ilirudi kwetu. Mwaka 1965 walichimba mifereji kandokando na kuipanga mawe. Walipanda miti, wakaweka nguzo za taa. Mwaka 1968 baadhi ya Wahindi walifunga mizigo, na maduka yao yakachukuliwa na watu wetu. Lile la vitambaa, nilikoangukia, lilichukuliwa na mtu wa Kebirigo aliyekuwa zamani akishona kwenye baraza lake. Lakini changarawe haidumu katika mji wenye mvua kama wetu. Maji yaliibeba ikashuka mtoni, nayo ikahitaji kujazwa kila mwaka. Shimo ambalo lingefukiwa mwaka 1964 lilikuwa bado wazi, na kila kiangazi lilisogea.

Katika masika ya mwaka 1966, omotembe ulianguka. Hakuna aliyeukata. Walikuwa wamechimba karibu sana na mizizi yake, mvua ikafanya kilichobaki. Tuliusikia ukilala shimoni asubuhi tukiwa tunakunywa uji. Baba mkwe alikuja, akasimama ukingoni, akarudi kwake. Kiangazi kilichofuata msimamizi mpya, mmoja wa watu wetu, kijana mwenye elimu, alikuja na malori. Alimuuliza mume wangu mpaka uko wapi. Mume wangu akajibu kwamba ulikuwa kwenye mti.

"Mti gani?" akauliza msimamizi.

Hakuwa akidhihaki. Alitazama huku na huku kwa nia njema, hakuona mti wowote. Malori yakaendelea.

Wengi wameniuliza kwa nini mume wangu, ambaye alikuwa mnyapara wa kazi hiyo hiyo, hakuyazuia. Nami nilimuuliza. Alinijibu kwamba kilichobaki ni kidogo, kwamba barabara inakaribia kukamilika, kwamba shimo litafukiwa lote kwa mara moja na ardhi ile kurudi kama ilivyokuwa. Aliamini hivyo. Mtu aliyeona uji ukigeuka kuwa barabara hashindwi kuamini kwamba shimo litageuka kuwa shamba. Baba yake alimwita wakazungumza nje ya nyumba yetu, kwani baba mkwe havuki kizingiti cha nyumba ya mwanawe, nami nikawasikia kupitia ukutani.

"Tata," alisema mume wangu, maana ndivyo tunavyomwita baba, "barabara haiwezi kuachwa nusu."

"Na nyumba, yaweza kuachwa nusu?"

Sidhani kama mume wangu alielewa alichoulizwa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mwanamume mzima mwenye afya hafikirii mkono wake wa kulia utalala wapi.

Kufikia mwaka 1970 ukingo wa shimo ulikuwa umefika ukutani. Upande ule wa nyumba, tulipokuwa tukianika wimbi, palibaki ukanda mwembamba ambao mbuzi alipita kwa kujibana. Tuliujengea ua wa fito ili watoto wetu watatu wasitumbukie. Chini kulituama maji, vyura wakahamia. Mzigo wa mwisho wa mwaka huo, mume wangu alinionyesha Sabato moja, ulitumika kuziba sehemu ya juu ya barabara, mbele ya duka la vitambaa. Ulikuwa na ile rangi yenye manjano. Aliukanyagakanyaga kwa kisigino, akasema umeshika vizuri.

Katika masika ya 1971 mifereji ya mji iliziba, naye akashinda ndani ya maji siku kadhaa pamoja na watu wake wakiizibua. Alirudi na homa. Kichomi kilimshika upande wa kifua, tukampeleka hospitali ya mjini. Alhamisi tarehe 6 Mei 1971, asubuhi, alifariki. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, mimi thelathini.

Ilikuwa lazima azikwe Ijumaa kabla ya jua kuzama, kwa kuwa jua la Ijumaa likizama Sabato imeingia, na Sabato hatushiki jembe. Alhamisi alasiri wanaume walikuja kutazama mahali pa kuchimba. Walisimama mkono wa kulia wa nyumba, wakaona shimo. Nilikuwa ndani nikiwasikiliza. Mzee wa kanisa, mtu mpole, alisema kwamba kwa Mkristo upande si kitu, siku ya ufufuo Bwana hataulizia mkono wa kulia wala wa kushoto, kwa hiyo azikwe upande wa migomba na mambo yaishe. Mmoja wa shemeji zangu akaitikia. Ndipo nikamsikia baba mkwe akisema, taratibu, kwamba mwanawe hatalazwa mahali pa mwanamke kana kwamba hakuwahi kuwa na nyumba. Wakamuuliza basi atalazwa wapi. Akasema nyumba igeuzwe.

Alikuwa amekwisha kuifikiri. Mlango ukitolewa mbele na kuwekwa ukuta wa nyuma, mtu atakayesimama mlangoni akitazama nje atakuwa na migomba mkono wake wa kulia. Ardhi ileile, iliyokuwa yangu, itakuwa ya mume wangu, naye atalala alipostahili.

Ijumaa asubuhi walimleta kwa lori la kikosi cha barabara. Lilipita katika barabara kuu kwa mwendo wa mtu anayetembea, na wafanyakazi wenzake waliokuwa kwenye mifereji walitoka wakasimama, koleo zikiwa zimeinamishwa. Wenye maduka walishusha milango yao nusu. Wale wanawake wa sokoni walisimama nyuma ya mafungu yao ya ndizi. Nilikuwa nimekaa kando ya jeneza, nikiangalia nyuma, nikiona alama za magurudumu zikibaki katika udongo wetu.

Walimweka ndani, nikakaa naye chini kama inavyopasa. Nyuma yangu mapanga yalianza kukata ukuta. Udongo ulianguka ndani, kisha fito zikakatwa, na mwanga ukaingia kutoka upande ambao tangu nilipoolewa ulikuwa giza. Uliangukia uso wake. Huko nje wanawake walikanyaga matope ya kuzibia pale palipokuwa na mlango, mvua ikiwasaidia. Waling'oa mlango pamoja na miimo yake wakauhamisha mzima. Baba mkwe alikaa kwenye kigoda mbali kidogo, akielekeza kwa fimbo, kulia kidogo, inua, hapo, kwa kuwa hakuweza kuingia hata siku ile. Walipomaliza, mume wangu alitolewa kupitia mlango mpya, akawa mtu wa kwanza kuutumia, akageuzwa mkono wa kulia, akashushwa katika migomba. Jua lilikuwa bado liko juu ya mlima tulipoimba wimbo wa mwisho.

Watu walipokuwa wakinawa, baba mkwe alinijia. Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kuninenea neno bila kulipitisha kwa mama mkwe au kulirusha hewani nilisikie. Siku hiyo alisimama karibu nami, macho yake yakitazama pembeni.

"Mwanangu," alisema, "tumekunyang'anya mahali pako. Najua. Shimo litafukiwa, na utalala kando yake."

Kwa maana nyumba ilipogeuzwa, mkono wa kushoto, mkono wa mke, ulihamia upande wa shimo. Hapo palikuwa pangu sasa. Nilikuwa na mahali pa kuzikwa penye maji na vyura.

Nilijiandikisha mwaka 1972 katika darasa la watu wazima, yale madarasa watu waliyoyaita ngumbaru, lililofanyika kanisani siku za Jumatatu na Jumatano. Nilikaa benchi moja na wanawake waliokuwa na wajukuu. Sikwenda kutafuta kazi. Nilitaka kwenda ofisini kuuliza habari za shimo bila kumtegemea shemeji yeyote kunitafsiria. Jioni moja ya mwaka huo niliporudi kutoka darasani niliusogelea mwimo wa mlango, ambao sasa ulikuwa kwenye ukuta uliokuwa zamani wa nyuma, nikasoma kwa kidole: 14 Januari 1963. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, alikuwa ameandika neno moja, *barabara*. Nilikaa kizingitini hadi watoto wakaja kuuliza chakula.

Ofisini walinipokea kwa heshima. Siwezi kusema vingine. Waliniita mama, wakanipa kiti, wakaniambia shimo litafukiwa barabara itakapokamilika. Mwaka 1973 barabara ilitiwa lami. Walileta mapipa na moto, mji ukanuka kwa wiki kadhaa, wekundu wetu ukafunikwa wote kwa weusi. Watu walikuja kutoka Kenyenya na kwingineko kuitazama, wakaigusa kwa viganja. Walichora mstari mweupe katikati. Nilirudi ofisini nikasema barabara imekamilika. Aliyekuwepo, ambaye hakuwa yule wa mwanzo, alinieleza kwa upole kwamba bado kuna za kando, na za kando zinahitaji changarawe. Nilirudi mwaka 1974, nikarudi tena 1975. Sikulia mbele yao hata mara moja. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikauliza kwa Kiswahili sanifu nilichofundishwa, nikasimama, nikaondoka.

Mwezi wa Novemba 1975 baba mkwe alifariki. Alikuwa shahidi wa pekee aliyebaki, ukiniacha mimi, wa mkono uliotikiswa kilimani. Msimamizi Mzungu alikwisha kwenda kwao, na aliyetafsiri alikuwa katika migomba.

Mwaka uliofuata ukaja upimaji wa mashamba. Kila familia ilionyesha mipaka yake mbele ya ofisa wa ardhi na kamati ya wazee, ili iandikishwe na kupewa hati. Nilipeleka pingamizi kuhusu shimo. Walipanga kulisikiliza Jumatano tarehe 18 Agosti 1976, pale pale mahali penyewe.

Walikuja asubuhi, ofisa na wazee wanne, pamoja na vijana wenye mnyororo wa kupimia. Jirani wengi walikuja pia. Nilieleza yote kwa utaratibu, mwaka kwa mwaka: makubaliano, mti, kuanguka kwake, nyumba ilivyogeuzwa, na ahadi ya marehemu baba mkwe. Ofisa alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema kwamba hakatai neno langu hata moja, ila mpaka uliotajwa haupo, wala hakuna aliye hai aliyeusikia ukitajwa isipokuwa mimi niliyekuwa migombani. Shimo, alisema, limelisha barabara kuu miaka yote hiyo, na mji utalihitaji tena. Litaandikishwa kuwa la umma.

"Sidai shamba," nikamwambia. "Nadai mahali pa mtu mmoja kulala, kando ya ukuta. Fukieni hapo tu."

"Mama, una migomba yote ile."

"Huko ni mkono wake. Wangu ni huu."

Alitazama chini kwenye maji. Nadhani alikuwa mtu wa kabila jingine na alikuwa akijaribu kwa moyo wake kuelewa. Mmoja wa wazee wa kamati, mcheshi wa kijiji, alitaka kumsaidia.

"Si jambo gumu," alisema. "Mligeuza mlango mara ya kwanza. Geuzeni tena, migomba iwe mkono wako wa kushoto, ulale huko kwa raha."

Baadhi ya watu walicheka. Nilingoja wamalize kucheka.

"Nikiugeuza, omogaka," nilimjibu, nikimwita kwa heshima ya umri wake, "mume wangu atakuwa amelala mahali pa mke. Baba yake alivunja nyumba siku ya msiba ili asilale hivyo. Wewe ndiye uliyeshika upande mmoja wa mlango tulipouhamisha."

Ni kweli, alikuwa ameushika. Alivua kofia yake. Hakuna aliyecheka tena, na wazee wengine watatu walitazama fimbo zao. Lakini wote wanne walijua, kama nilivyojua mimi, kwamba neno la mwisho ni la ofisa, nalo lilikwisha kusemwa. Waliteta kidogo kwa Ekegusii, lugha yetu, wakakubaliana naye.

Vijana walipigilia kigingi cha chuma kwenye kona ya ukuta wangu, kingine kwenye kona ya pili. Mpaka wa shamba langu ukawa ukuta wa nyumba yangu. Ofisa alifungua kidau cha wino ili nitie kidole gumba. Nilimwomba kalamu. Niliandika jina langu lote, la ubatizo, la baba yangu na la mume wangu, herufi zikiwa zimenyooka, juu ya karatasi iliyosema kwamba sina upande wa kushoto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliandika mbele ya serikali. Ofisa aliusifu mwandiko wangu.

Walipoondoka sikuingia ndani. Nilikwenda mjini kwa miguu. Ilikuwa karibu saa sita, mawingu ya alasiri yalikuwa hayajakusanyika, na barabara kuu ilijaa watu na magari. Niliipanda pole pole hadi juu, mbele ya duka la vitambaa, pale alipoukanyagakanyaga kwa kisigino mzigo wa mwisho, ule uliotoka kando ya ukuta wetu, akasema umeshika. Nilisimama ukingoni mwa lami. Nilivua viatu, nikavishika mkononi kama tulivyokuwa tukifanya wakati wa matope, nikakanyaga.

Mwenye duka, yule wa Kebirigo, alitoka barazani.

"Mama, vaa viatu. Lami inaunguza saa hizi."

Nikamwambia sitakaa sana.